Bert Williams: Mweusi aliyejipaka masizi ili achekwe

Ukimtaja Charlie Chaplin, hapana atakayekuuliza ni nani. Mzee anamkumbuka kwa kofia yake na bakora yake, na kijana amemuona kwenye kipande cha video alichotumiwa kwa simu. Lakini mtaje Bert Williams, utakodolewa macho. Ilhali miaka mia moja na kitu iliyopita, huyu ndiye aliyekuwa mcheshi mweusi mashuhuri kuliko wote Marekani. Aliimba katika santuri, alicheza mbele ya jamaa ya mfalme wa Uingereza, alisimama katika majukwaa makubwa ya New York, na akaigiza filamu miezi michache kabla Chaplin mwenyewe hajaonekana katika filamu yake ya kwanza, Februari 1914.

Tena kuna jambo moja juu yake ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani masikio yamemdanganya. Bert Williams alikuwa mtu mweusi. Na kila alipopanda jukwaani, alijipaka masizi usoni ili awe mweusi.

Kwa nini mweusi ajipake weusi? Swali ni fupi, lakini jibu lake limebeba habari nzima ya biashara ya burudani ya Marekani zama zile: nani alichekwa, nani alicheka, na nani alitia pesa mfukoni.

Mtoto wa visiwani

Jina lake kamili ni Egbert Austin Williams. Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1874 mjini Nassau, katika visiwa vya Bahamas, ambavyo wakati huo vilikuwa chini ya Mwingereza. Alikuwa mdogo wazazi wake walipohamia Marekani, na hatimaye wakatua Riverside, katika jimbo la California. Huko ndiko alikosoma hadi sekondari.

Shika hilo la kuzaliwa visiwani, maana lina uzito mbele ya safari. Kijana huyu hakulelewa katika mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani. Hakuijua lahaja ya watu weusi wa huko. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba ilimbidi akae chini aisome lahaja ile, kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni. Umbo lake nalo lilikuwa la mtu mrefu, rangi yake ya maji ya kunde, na mwenendo wake wa upole na wa kupenda vitabu. Kwa ufupi, hapana alichofanana nacho na yule "mweusi" ambaye watazamaji wa Marekani walikuwa wakilipa viingilio kumtazama.

Na huyo "mweusi" wao alitoka wapi? Hapa yafaa turudi nyuma kidogo.

Mchezo wa masizi

Yapata mwaka 1830, mzungu mmoja kwa jina Thomas Dartmouth Rice alijipaka weusi usoni, akavaa matambara, akaimba na kucheza akijifanya mtumwa mlemavu. Mhusika wake alimwita Jim Crow. Watu walimiminika kumtazama. Wengine wakaiga, na baada ya miaka michache yakawa makundi kwa makundi ya wazungu waliojipaka masizi wakizunguka mji hadi mji. Maonyesho hayo yaliitwa minstreli. Masizi yenyewe yalipatikana kwa kuchoma kizibo cha chupa, kukisaga, na kuchanganya unga wake na maji au mafuta. Mdomo uliachwa mpana na mweupe au mwekundu, ili kila kicheko kionekane mpaka kwa aliyeketi nyuma kabisa.

Katika michezo hiyo mtu mweusi alikuwa mvivu, mwizi wa kuku, mwoga wa mizimu, mpenda kamari, na mjinga asiyejua kwamba ni mjinga. Jina la Jim Crow likashika mizizi hata likaja kupewa sheria zile za ubaguzi zilizowatenga weusi katika shule, magari ya moshi na mikahawa. Ndiyo kusema kichekesho kilitangulia, na sheria ikafuata ikiwa na jina la kichekesho.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, utumwa ulipopigwa marufuku, watu weusi nao waliingia katika kazi hii. Ilikuwa mojawapo ya milango michache ya usanii iliyokuwa wazi kwao. Lakini mlango wenyewe ulikuwa na bawabu. Watazamaji walikwisha kuzoea sura ya masizi, na walipomuona mweusi wa kweli akipanda na uso wake aliozaliwa nao, walihisi wamepunjwa. Basi mweusi naye akapakwa. Alitakiwa amuigize mzungu aliyekuwa akimuiga yeye.

Wadahome wa bandia

Bert Williams aliingia kazini mlango huo huo. Mwaka 1893, huko San Francisco, alikutana na kijana mwenzake kwa jina George Walker, mzaliwa wa Lawrence, Kansas. Walker alikuwa mweusi wa rangi, mchangamfu, mpenda nguo nzuri, na mchezaji ambaye miguu yake haikutulia. Wawili hawa walishikamana kwa miaka kumi na sita hivi.

Mwaka 1894 yalifanyika maonyesho makubwa ya biashara katika bustani ya Golden Gate mjini San Francisco. Waandaaji walijenga kijiji cha Kiafrika na kutangaza kwamba watu wa Dahome, nchi ambayo leo iko ndani ya Benin, wangeletwa waonyeshwe kwa wageni. Wadahome wakachelewa njiani. Watazamaji walikuwa wanangoja na tikiti zao mkononi. Wenye maonyesho walifanya nini? Waliwaajiri weusi wa mjini, wakawavika ngozi za wanyama, wakawaambia wajifanye Waafrika. Miongoni mwao walikuwa Williams na Walker.

Wadahome wa kweli walipofika, wale wa bandia wakaachishwa kazi. Lakini Walker alieleza miaka ya baadaye kwamba waliruhusiwa kuingia kuwatazama wageni hao, na kuwatazama kwao kukawazindua. Wakaazimia kwamba wakipata uwezo wao wenyewe, wataandika michezo yenye habari za Afrika, na wataacha kucheza yale ya minstreli peke yake. Ahadi hiyo waliitimiza, kama tutakavyoona.

Uso ulipopakwa

Mwanzoni, katika jozi hii, Walker ndiye aliyekuwa mchekeshaji na Williams ndiye mwimbaji mwenye heshima zake. Kisha siku moja katika miaka ya katikati ya 1890, kwenye ukumbi mmoja wa Detroit ulioitwa Moore's Wonderland, Williams alijipaka masizi kwa mzaha tu na kuimba wimbo wa kuchekesha. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo wakabadilishana nafasi. Walker akawa kijana mtanashati, mjanja wa mjini, asiyejipaka chochote. Williams akawa mtu mzito, mwenye suti iliyochakaa na viatu vikubwa, ambaye mvua ikinyesha ni lazima imnyeshee yeye.

Maneno aliyoyaandika juu ya tukio hilo katika jarida moja mwaka 1918 yanastahili kufikiriwa. Alieleza kwamba kipaji chake cha kuchekesha hakikufunguka mpaka alipoweza kujiona kama mtu mwingine. Masizi yalimpa umbali. Egbert wa Nassau, msomaji wa vitabu, alibaki nyuma ya pazia, na mbele wakatazama mtu mwingine kabisa.

Lakini kitu kinachokufungua chaweza pia kukufunga. Wengi wamewahi kuvaa barakoa kwa saa moja wakaivua. Yeye aliivaa kwa zaidi ya miaka 25, kwa sababu kila alipotaka kuivua, soko lilimwambia bila hiyo hatununui.

Broadway na London

Mwaka 1896 wawili hawa waliingia New York. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Plessy na Ferguson, kwamba kuwatenga weusi ni halali maadamu wanapewa huduma "sawa". Kwa hivyo umaarufu wao ulikua pamoja na ubaguzi, bega kwa bega.

Walichovuma nacho ni densi iitwayo cakewalk. Asili yake ni kwa watumwa, waliokuwa wakiigiza kwa kejeli maringo ya mabwana zao wakitembea kwenye karamu. Waliocheza vizuri kuliko wengine walitunzwa keki, ndipo densi ikapata jina. Williams na Walker waliifanya densi hii kuwa mtindo wa mji, hata matajiri wa kizungu wakawa wanajifunza kutembea kama watumwa waliokuwa wakiwacheka matajiri.

Umaarufu haukuwakinga. Agosti 1900 zilizuka ghasia mjini New York, na makundi ya wazungu yakawa yanawashambulia weusi barabarani. Umati ulikuwa ukiita kwa majina wasanii weusi waliojulikana, wakiwemo Williams na Walker. Walker alivamiwa usiku ule na kuponea chupuchupu. Usiku huu unapigiwa makofi, na usiku unaofuata unatafutwa upigwe.

Mwaka 1901 Williams na Walker walirekodi nyimbo kwa kampuni ya santuri ya Victor, wakawa miongoni mwa weusi wa mwanzo kabisa kurekodiwa. Na tarehe 18 Februari 1903 ikaja ile ahadi ya San Francisco. Mchezo wao wa nyimbo, In Dahomey, ulifunguliwa katika New York Theatre. Muziki ulitungwa na Will Marion Cook, mashairi na Paul Laurence Dunbar, hadithi na Jesse Shipp. Wote weusi. Ulikuwa mchezo wa kwanza mrefu wa nyimbo ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Hata hivyo watazamaji weusi waliokuja kujivunia watu wao walipelekwa juu kwenye roshani, mbali na viti vya chini.

Mwaka huo huo walivuka bahari. Kuanzia Mei mchezo ulionyeshwa Shaftesbury Theatre mjini London, na tarehe 23 Juni 1903 ukachezwa katika Kasri ya Buckingham, siku ya kutimiza miaka tisa ya mjukuu wa Mfalme Edward VII, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Edward VIII na kuacha kiti cha ufalme. Wakarudi Marekani na majina makubwa zaidi. Mwaka 1906 wakatoa Abyssinia, mchezo uliojengwa juu ya nchi ya Mfalme Menelik, na mwaka 1908 wakatoa Bandanna Land.

Katika miaka hiyo Williams alitoa wimbo uliomganda maisha yake yote, Nobody, uliotungiwa maneno na Alex Rogers. Ni malalamiko ya mtu ambaye shida zikimfika hapana anayemjali, naye anaapa kulipa kwa kipimo hicho hicho. Kila alikokwenda watu walimtaka auimbe, mpaka akachoka nao. Walicheka. Ukiusikiliza leo katika santuri yake ya zamani, sauti ile nzito inayovutwa polepole kama mtu anayeburuta miguu, si rahisi kujua kama ni wimbo wa kuchekesha au ni kilio.

Peke yake kati ya wazungu

Mwaka 1909 Walker aliugua akashindwa kuendelea. Mkewe, Aida Overton Walker, mchezaji hodari, alivaa suti za mumewe na kucheza nafasi yake ili kazi isilale. Walker alifariki Januari 1911. Kwa Williams hii ilikuwa zaidi ya msiba wa rafiki. Walker ndiye aliyekuwa mpiganaji. Ndiye aliyejadiliana mikataba, aliyedai kumbi bora na aliyeshikilia kampuni yao ya weusi isimame. Williams hakuwa mtu wa biashara. Kampuni ikasambaratika.

Mwaka 1910 tajiri wa burudani Florenz Ziegfeld alimwita katika onyesho lake la Follies, onyesho la anasa kuliko yote Broadway, ambalo waigizaji wake wote walikuwa wazungu. Baadhi yao walitishia kuondoka. Inasimuliwa kwamba Ziegfeld aliwajibu kuwa kila mmoja wao anaweza kumpatia badala, isipokuwa huyo wanayetaka afukuzwe. Williams akabaki, na kwa kiasi cha miaka tisa akawa nyota wa onyesho lile. Wachekeshaji wa kizungu waliokuja kuwa wakubwa, kama W. C. Fields na Eddie Cantor, walimwita mwalimu. Fields alisema hajapata kuona mtu anayechekesha kuliko Williams, wala kujua mtu mwenye huzuni kuliko yeye.

Huzuni ya nini, na pesa anapata? Cantor alisimulia kisa kimoja. Walikuwa safarini, wakalala hoteli moja. Williams alikubaliwa kulala, lakini kwa sharti asitumie lifti ya wageni. Apande ile ya nyuma, ya mizigo na watumishi. Alimwambia Cantor kwamba jambo lile lisingemuuma sana lau makofi ya ukumbini yasingekuwa bado yanamlia masikioni.

Ndugu msomaji, kaa na sentensi hiyo kidogo. Mtu asiyepigiwa makofi akionyeshwa mlango wa nyuma huumia mara moja. Aliyepigiwa makofi huumia mara mbili.

Mikono inayosema

Kipaji cha Williams kilichofaa zaidi kwa filamu hakikuwa maneno. Kilikuwa ukimya. Alikuwa na kichekesho chake maarufu cha karata. Jukwaa linatiwa giza, taa moja inammulika kichwa na mabega, yuko peke yake. Anacheza poka na watu ambao hawapo. Anagawa karata zisizokuwepo, anachungulia zake, uso unameta kwa tamaa, anaweka pesa, anawatupia jicho la shaka wenzake wasioonekana, kisha polepole uso unaanguka. Kashindwa. Hakutamka neno, na kila aliyekuwa ukumbini alijua karata gani ziko mkononi mwa nani.

Hiyo ndiyo siri ya mwigizaji wa filamu za kimya. Wakati ule filamu hazikuwa na sauti. Maelezo machache yaliandikwa katikati ya picha, na ukumbini mtu alipiga piano. Mzigo wote ulibaki kwa uso, mikono na mwendo wa mwili. Waigizaji wengi wa jukwaani walishindwa, kwa sababu walizoea kutia chumvi ili waonekane kutoka mbali, na kamera haitaki chumvi nyingi. Williams yeye alikwisha kuzoea kufanya kidogo. Kwenye jukwaa lililojaa kelele alikuwa akinyanyua unyusi mmoja, basi.

Twakijua kichekesho hicho cha karata kwa sababu mwaka 1916 alikirudia mbele ya kamera. Kampuni ya Biograph ilitoa filamu fupi mbili akiwa nyota wake. Katika A Natural Born Gambler ni mcheza kamari anayekamatwa na polisi, na mwisho wake yuko rumande akicheza karata na hewa. Katika Fish, yeye aliyekuwa na miaka 41 alicheza kijana anayetoroka kazi za nyumbani kwenda kuvua samaki. Zote mbili alizicheza na masizi usoni. Kazi ya mikono ni ya bwana mkubwa. Hadithi ni zile zile za minstreli.

Filamu iliyolala miaka mia

Lakini kulikuwa na filamu nyingine kabla ya hizo. Mwaka 1913, Biograph kwa kushirikiana na mabwana wa kumbi, Klaw na Erlanger, walipiga filamu huko New York na New Jersey wakimtumia Williams pamoja na kundi kubwa la waigizaji weusi, wengi wao wakitoka kwenye onyesho la Darktown Follies la Harlem. Hadithi ni nyepesi: wanaume kadhaa wanamgombea binti mmoja mrembo, aliyechezwa na Odessa Warren Grey. Kuna gwaride, kuna maonyesho yenye farasi wa kuzunguka, kuna cakewalk.

Upya wake uko hapa. Ni Williams peke yake aliyepakwa masizi. Wengine wote wako na nyuso zao, wamevaa vizuri, wanacheka, wanaringa, wanapendana. Na mwisho, mlangoni kwa binti, Williams na mpenzi wake wanapigana busu. Mapenzi ya kawaida ya watu weusi, yasiyofanywa kichekesho, hayakuwa kitu cha kuonyeshwa katika filamu za wakati huo.

Filamu ile haikuhaririwa wala haikutolewa. Picha zilipigwa, zikawekwa ndani ya mikebe, zikaachwa. Mwaka 1915 ikatoka The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, mtu aliyeinukia ndani ya Biograph hiyo hiyo. Ndani yake wazungu waliojipaka masizi walimwonyesha mweusi kama mnyama wa kuogopwa, na genge la Ku Klux Klan likaonyeshwa kuwa mkombozi. Hiyo ilijaza kumbi nchi nzima. Ile ya Williams ilikuwa kwenye mikebe.

Mwaka 1939, akiba za Biograph zilipokuwa karibu kutupwa, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York iliokoa mamia ya mikebe. Ndani yake mlikuwa na roli saba za filamu hii, bila kichwa, bila maandishi, bila mpangilio. Ilichukua miaka mingi wahifadhi kuzitambua na kuzipanga. Oktoba 2014 zikaonyeshwa kwa umma, miaka 101 baada ya kupigwa, kwa jina la Lime Kiln Club Field Day, na mwaka huo zikaingizwa katika orodha ya taifa ya filamu ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani yatakiwa kuzihifadhi. Hata vipande vya kati ya pigo moja na jingine vimo, na humo waonekana waigizaji wakipumzika, wakirekebisha nguo, wakitaniana. Na Williams, katikati yao, na masizi yake.

Je, alaumiwe?

Hili ndilo lililogombaniwa wakati wa uhai wake na linagombaniwa mpaka leo. Booker T. Washington, kiongozi mkubwa wa weusi zama hizo, alimsifu kwamba amewafaa watu wake kuliko yeye mwenyewe, kwani Williams aliingia nyoyoni mwa watu kwa tabasamu pale ambapo yeye alilazimika kupigana. Wengine, wakiwemo waandishi wa magazeti ya weusi, waliona amewaacha wenziwe akaenda kuchekwa na wazungu. Kizazi cha baadaye kilikuwa kikali zaidi: masizi ni masizi, na aliyeyapaka ameshiriki.

Mimi naona pande zote mbili zimeshika kipande cha ukweli. Madhara ya sura ile yalikuwa ya kweli. Mtoto wa kizungu aliyecheka ukumbini alirudi nyumbani akiamini amemjua mtu mweusi. Hilo hatuwezi kulifunika kwa sababu tu mwigizaji alikuwa na kipaji. Lakini lawama ina ngazi. Yuko aliyechoma kizibo, yuko aliyekata tikiti, yuko aliyemiliki ukumbi, na yuko aliyeambiwa paka au ukalale njaa. Tukianza kumhukumu huyu wa mwisho, tunawaachia wale watatu wa kwanza watoke kwa mlango wa mbele.

Tena tutazame alichofanya ndani ya barakoa. Alipewa mjinga wa kuchekwa, akamgeuza mtu. Huyo mtu wake ana kiu, ana aibu, ana matumaini yanayovunjika usoni polepole. Mtazamaji aliyekuja kumcheka mweusi aliondoka amemuonea huruma binadamu, pengine bila kujua ni saa ngapi imetokea. Si ushindi mkubwa, lakini kwa mtu aliyefungwa mikono ni kazi. Mwenyewe, katika makala yale ya 1918, alieleza kwamba hajapata kuona aibu katika kuwa mweusi. Aliona tu kwamba Marekani jambo hilo lina usumbufu mwingi. Hata uchungu wake aliufunga kwenye kichekesho.

Detroit tena

Aliachana na Follies mwaka 1919. Alitamani miaka mingi kucheza mchezo wa maana, wenye huzuni na uzito, bila masizi. Hakuna aliyempa. Onyesho lake la mwisho, Under the Bamboo Tree, lilimkuta mgonjwa, mapafu na moyo vimechoka, lakini alijua akilala waigizaji wenzake watakosa riziki. Akaendelea. Mwishoni mwa Februari 1922, akiwa jukwaani mjini Detroit, mji ule ule alikojipaka masizi mara ya kwanza kwa mzaha, alianguka. Inasimuliwa kwamba watazamaji walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alirudishwa New York na kufariki tarehe 4 Machi 1922, akiwa na miaka 47.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo kwetu lina maana mbili. Kutunza ni kumpa mchezaji tuzo yake pale ngomani, na kutunza ni kuweka kitu kisiharibike. Bert Williams alitunzwa kwa maana ya kwanza tu. Pesa alipewa, makofi alipigiwa, na lifti ya mizigo akaonyeshwa. Kutunzwa kwa maana ya pili kulichelewa miaka 101, na kulitokana na bahati ya mikebe iliyokuwa karibu kutupwa.

Wako wachekeshaji na waimbaji wengi wa rika lake, weusi na hodari, ambao mikebe yao haikuokolewa na mtu. Filamu nyingi za kimya zimepotea kabisa: nyingine ziliteketea kwa moto, nyingine zilioza, nyingine zilitupwa na wenyewe kwa kuwa hazikuuzika tena. Kwa hivyo ukipata nafasi, itafute filamu ya Williams, iko kwenye intaneti, utazame dakika zile za karata. Mtazame machoni, siyo masizini. Jozi hiyo ya macho haikupakwa kitu.